Mkalimani Aliyesema "Mimi"

Kwao hasa sikujui. Wapo waliosema alitoka Makete, wengine wakasema ni mtu wa Wanging'ombe, na yeye mwenyewe akiulizwa alijibu kwamba ametoka nyumbani asubuhi ile ile. Nilikaa jirani naye pale Njombe miaka kumi na moja, bustani yake ya kabichi na yangu zikitenganishwa na ua wa mianzi, na katika miaka yote hiyo sikusikia mtu akimwita kwa jina. Bomani alikuwa Mkalimani. Kanisani alikuwa Mkalimani. Hata mkewe akitaka aje kula alisema, "Mkalimani, ugali unapoa." Mimi nilimwita Baba, kwa kuwa alinizidi umri na kwa kuwa nilimwogopa kidogo.

Kazi yake ilikuwa kusimama katikati. Mwingereza wa serikali alikaa upande mmoja wa meza, mwenye shida alisimama upande wa pili, na Mkalimani alikaa kwenye kona, mikono nyuma, akipokea Kiingereza na kutoa Kibena, akipokea Kibena na kutoa Kiingereza. Walikuwepo Waingereza waliojua Kiswahili vizuri, lakini wengi walihamishwa kabla hawajavuka salamu, na wazee wetu wa vijijini nao Kiswahili walikisikia sokoni tu. Kwa hiyo Mkalimani hakukosa kazi.

Alivaa koti la kaki lililofika magotini, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, Juni kwenye baridi ya kukata masikio, na Desemba vilevile. Alikuwa na kofia, lakini hakutafsiri hata neno moja akiwa ameivaa. Aliivua, akaiweka chini karibu na mguu wake, ndipo akafungua mdomo. Nilipomwuliza sababu alinijibu kwamba kofia ni yake, maneno si yake, na hapendi vitu hivyo vikae kwenye kichwa kimoja. Alikuwa pia na mwavuli mweusi aliopewa na bwana mmoja siku ya kuagana. Aliubeba kila alikokwenda, na mvua ikinyesha aliuficha ndani ya koti usilowe.

Nilipoanza kufundisha shule ya misheni nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kiingereza nilifundishwa na mabibi wa misheni wenyewe, na nilijiona sina mwenzangu. Wiki ya kwanza, saa kumi jioni, Mkalimani alisimama penye ua akapiga hodi.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Baba. Karibu."

"Sikai. Nina swali moja tu. 'Put up' maana yake nini?"

"Kuweka juu," nikasema haraka, kama mtoto aliyeulizwa mbili na mbili.

Alinitazama kwa huruma. "Hata mimi nilianzia hapo," akasema, akavuta kigoda akaketi. Hakuondoka mpaka kuku wangu walipoingia bandani.

Kwa asiyejua Kiingereza nieleze kidogo. Lugha ile ina maneno madogo madogo ambayo kila moja peke yake halina matata. Hili la kwanza ni kuweka, hili la pili ni juu. Ukiyakutanisha yanaanza kufanya mambo ambayo hakuna aliyeyatuma. Mkalimani aliligundua hilo mwaka wake wa kwanza kazini, alipopewa karatasi ya tangazo la mbwa wenye kichaa akaambiwa aifanyie "put up". Aliipandisha juu ya kabati, akaipangusa vumbi kila Ijumaa kwa muda wa mwezi mzima. Kumbe alitakiwa kuibandika ukutani. Bwana wake alicheka mpaka akatoa machozi, na Mkalimani hakucheka. Siku hiyo alinunua daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, la mistari, jalada la bluu, na lilihusu maneno hayo mawili tu. Kila maana ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na shahidi. Hakukubali maana aliyoisoma kitabuni au kuisikia kwa mtu akieleza. Alitaka aione ikifanyika. "Nionyeshe kwa mkono," alisema, kwa Mwingereza na kwa Mbena, kwa mkubwa na kwa mdogo. Akishaona, aliandika: kubandika tangazo, shahidi karani wa bomani. Kuinua mkono, shahidi watoto wa darasa la pili. Kufungua mwavuli, shahidi mke wa mchungaji, kwa kuwa wa kwake mwenyewe hakuufungua hata kwa ajili ya elimu. Mwenye duka mmoja pale sokoni alimwonyesha maana ya kupandisha bei, akifuta kwa kidole namba iliyoandikwa kwa chaki kwenye kibao cha sukari na kuandika nyingine. Mkalimani aliandika shahidi, kisha akagoma kununua sukari.

Mimi nilimcheka, ila baada ya muda nikaanza kuyawinda maneno yale pia. Nikipata barua ya Kiingereza niliipitisha macho kwanza kuona kama yamo. Siku moja mama mmoja wa misheni aliniandikia akiuliza kama naweza kufanya "put up" wauguzi wawili siku ya Jumamosi. Nilivuka ua nikikimbia. Mkalimani alisoma barua mara tatu, akaketi.

"Wauguzi wanapandishwa wapi?"

"Hawapandishwi, Baba. Wanalazwa. Kupokea mgeni alale."

Aliikunja barua polepole. "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikifanya hivyo miaka yote na sikujua linaitwaje."

Ilikuwa kweli. Watu wa Ludewa waliotembea siku nyingi kuja kwenye mashauri yao, watu wa Makete waliochelewa kusikilizwa, wote walilala kwake. Bomani alikuwa mkavu, hamsalimii mtu mara mbili, lakini jioni mtu yule yule aliyemkaripia asubuhi kwa kusema haraka mno ungemkuta jikoni kwake akimenya viazi. Mkewe alilalamika kwamba ndani hamna pa kukanyaga, kisha akatandika mkeka mwingine. Jumamosi ile wauguzi walilala kwake badala ya kwangu. Mkalimani alisema anataka kuwa shahidi wake mwenyewe, ingawa baadaye aliona si haki, akaandika jina la mkewe.

Maana iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa ile ya kuongezewa kaneno ka tatu, ikawa kuvumilia. Mke wa mchungaji alimwambia kwamba baridi ya Njombe anaivumilia tu. Mkalimani akamwomba amwonyeshe kwa mkono. Yule mama alifikiri, akainua mabega, akayashusha. Mkalimani alirudi nyumbani hajaridhika. "Nimeona mabega," aliniambia. "Uvumilivu sijauona." Ukurasa ule aliuacha wazi, bila shahidi, na kila nilipolifungua daftari niliukuta mweupe.

Sasa niseme jambo lililomfanya awe yeye. Alipotafsiri hakusema "Bwana anasema" wala "Huyu mama anasema". Alisema "mimi". Aliniambia kwamba ukisema "anasema" unajiweka pembeni, na mtu akishakaa pembeni huanza kuongeza chumvi yake. Kwa hiyo barazani ulimsikia mtu wa koti la kaki akisema kwa Kibena kizuri, "Mimi nimetoka ng'ambo ya bahari na tumbo linanisumbua tangu jana," halafu akigeuka akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile, "Mimi ni mjane, ng'ombe wa jirani wamemaliza mahindi yangu." Waingereza walizoea. Wageni walicheka mara ya kwanza. Watu wetu hawakucheka. Wao waliona ni jambo la kawaida kwamba mtu anayesema "mimi" anajisema yeye.

Shule yetu iko juu ya bonde, na chini unapita mto mdogo ambao kiangazi unauvuka bila kuvua viatu. Mvua zikianza, mto ule haufai. Wakati huo palikuwa na gogo moja tu. Robo ya wanafunzi wangu walitoka ng'ambo, na kuanzia Januari mpaka Aprili sikuwaona. Mwaka mmoja msichana wa darasa la tatu, mwepesi wa hesabu kuliko wavulana wote, aliteleza kwenye gogo. Walimtoa kwa kumshika gauni, kona mbili chini ya hapo. Alipona, lakini baba yake hakumruhusu tena kuvuka, na mimi nikabaki na daftari lake la hesabu mezani. Nilikasirika kwa miezi, na sikujua nimkasirikie nani.

Ndipo akaja bwana mmoja wa idara ya barabara, kijana mwekundu mwenye soksi ndefu, wala si wa boma letu bali mpita njia katika ziara. Watu wa ng'ambo walikusanyika mtoni, nami nikawaleta wanafunzi wangu. Kijana alitazama gogo, akatazama watoto, akasema kwa Kiingereza kwamba atafanya "put up" daraja mahali hapo kabla ya mvua zijazo.

Mkalimani, kama kawaida yake, alimwomba aonyeshe kwa mkono. Kijana akacheka, akanyoosha mikono yote miwili akachora daraja hewani, nguzo na sakafu yake. Mkalimani akavua kofia, akaiweka kwenye majani, akawageukia watu.

"Mimi nitajenga daraja hapa kabla ya mvua zijazo," akasema kwa Kibena, akanyoosha mikono yake akachora daraja lile lile.

Wanawake walipiga vigelegele. Bibi mmoja, nyanya yake yule msichana, alimwendea akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kijana mwekundu alisimama kando akitabasamu, na hakuna aliyemshika mkono. Baada ya miezi miwili tulisikia amehamishiwa mbali.

Septemba walikuja, wazee wawili na yule bibi. Hawakwenda bomani. Walikuja nyumbani kwa Mkalimani, nami nilikuwa upande wangu wa ua nikipalilia, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Tumekuja kuuliza siku," mzee mmoja alisema baada ya salamu.

"Siku ya nini?"

"Ya daraja. Mvua haziko mbali."

"Bwana yule amehama."

"Bwana yupi?" bibi akauliza, na hakuwa anatania. "Sisi hatujui alichosema bwana. Alikuwa na kelele zake. Wewe ndiye uliyesema utajenga. Ukatuonyesha na mikono."

Nilidhani Mkalimani atawaeleza kazi yake ilivyo. Badala yake alisimama. Akawaambia atawapa jibu, akawasindikiza mpaka njiani. Aliporudi nilikuwa nimeshavuka ua.

"Baba, ungewaambia. Ulikuwa unatafsiri tu."

"Walisikia nini, Mwalimu?"

"Walikusikia wewe."

"Basi," akasema.

Alijaribu njia ya bomani kwanza. Aliuliza kwa mdomo, akaandika barua, akajibiwa kwamba jambo linaangaliwa. Alijua Kiingereza cha kutosha kuelewa jibu hilo lina maana gani. Mwisho wa Septemba aliomba likizo yake ya mwaka, akanunua shoka.

Hapa pana jambo ambalo mtu wa mbali anaweza asilione. Kwetu mtu akiwa na kazi inayomshinda huwaalika majirani, na anayealika hupika pombe. Hakuna anayehesabu ujira. Chungu ndicho mwaliko. Kama hakuna chungu, hujaalika, umepiga domo tu. Lakini usharika wetu ulikuwa na sheria yake, na kila mtu aliijua: Mkristo akipika pombe na kuwanywesha watu, anatengwa na meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya wote. Mkalimani alikuwa mzee wa kanisa. Mkewe aliongoza kwaya ya akina mama.

Alialika kwa togwa isiyolevya. Walikuja watu sita. Walisogeza gogo moja la mkaratusi kutoka kilimani mpaka nusu ya njia, wakanywa togwa, wakashukuru, wakaenda zao. Hawakuwa wavivu wale. Walikuwa wamealikwa kwa kitu cha watoto, wakafanya kazi ya kitoto. Kesho yake Mkalimani alikwenda peke yake, akalisukuma lile gogo kwa bega mpaka koti likachanika. Nilimwona kutoka dirisha la darasa.

Jioni hiyo nilipeleka sindano na uzi. Mkewe alikuwa ameketi jikoni na ungo wa ulezi mapajani, akitoa mawe.

"Mama, ulezi wa uji?" nikauliza, ingawa ulikuwa mwingi mno kwa uji.

"Wa kimea," akasema.

Mkalimani alisimama mlangoni. "Nimemwambia asifanye. Yeye hakusema 'mimi' barazani. Hili ni langu."

"Wewe kupika unajua?" mkewe akamwuliza bila kuinua macho. "Utawaalika watu kwa pombe uliyopika wewe, wafe, halafu nani atalijenga daraja?" Kisha akaniambia mimi, "Tangu nibatizwe sijapika pombe, mwanangu. Niombee nisiwe nimesahau."

Hakuwa amesahau. Siku ya chungu bonde lilijaa. Walikuja hata watu ambao mto ule hauwahusu. Magogo matano yalishuka kilimani kabla ya saa sita, wanaume wakiimba, na wanawake wakabeba mawe kwa vikapu kujaza kingo. Mkalimani hakuonja. Alitembea kati yao na kofia yake kichwani, akionyesha kwa mkono gogo likae wapi, na nilimsikia akicheka kwa sauti, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kabla ya hapo. Vyungu viwili zaidi vilipikwa baadaye kwa ajili ya kupigilia mbao. Daraja lilikamilika, na mvua ya kwanza ilinyesha siku tisa baadaye.

Januari asubuhi moja, mvua ikigonga bati hata sijisikii, niliwahesabu wanafunzi nikakuta madawati yamejaa. Kwenye dawati la mbele alikaa yule msichana wa hesabu, miguu imelowa. Nililia mbele ya darasa. Niliwaambia ni mafua.

Mkalimani na mkewe walitangazwa kanisani Jumapili ile iliyofuata chungu cha kwanza. Walihama kutoka viti vya mbele wakakaa benchi la waliotengwa, mlangoni, mahali upepo unapoingilia. Kwaya iliimba bila kiongozi wake, na iliimba vibaya. Wenzao walipokwenda kwenye meza ya Bwana wao walibaki wameketi, yeye akiwa amenyooka ndani ya koti lililoshonwa begani, mkewe akitazama viganja vyake. Watu wa ng'ambo, ambao miguu yao ilikuwa mikavu, walipita mbele yao kwenda kupokea. Mimi nilipita pia. Niliona haya, na niliendelea kupita.

Iliwachukua mpaka mavuno. Siku ya kutubu mzee mwenzake alimwuliza mbele ya usharika kama anatubu.

"Nitubu pombe au daraja?" Mkalimani akauliza. Hakuwa na kiburi. Alitaka kujua, kama alivyotaka kujua kila kitu.

Mzee alisita. "Pombe."

"Pombe natubu."

Jumatatu yake nililifungua lile daftari la bluu. Ukurasa wa kuvumilia ulikuwa umeandikwa. Shahidi: mke wangu, benchi la mlangoni.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, alikuwa mchoyo wa sifa kwa wengine, na wanafunzi wangu waliomsalimia kwa Kiingereza aliwasahihisha mpaka wakaanza kuzunguka njia nyingine. Na mtu huyu aliyejivunia kwamba hajawahi kuongeza wala kupunguza neno la mtu, nilimsikia kwa masikio yangu akilibadilisha moja.

Ilikuwa mwaka uliofuata. Bwana mpya alikuja mtoni kwa baraza, akapendezwa na daraja, akauliza ni nani aliyelijenga. Yule bibi alisimama, akanyoosha kidole. Alisema kwa Kibena, wazi kabisa, kwamba amelijenga huyu Mkalimani, kwa shoka lake na ulezi wake, na kwamba yeye na mkewe walikaa benchi la mlangoni kwa ajili ya miguu ya watoto wao.

Mkalimani alivua kofia. Aliigeuza mkononi mara mbili, akaiweka chini. Kisha akasema kwa Kiingereza, "Mimi nakuambia kwamba bwana aliyepita hapa zamani alituahidi daraja, na daraja ndilo hili."

Bwana mpya alifurahi, akaandika. Bibi naye alifurahi, akidhani maneno yake yamefika. Pale mtoni ni mimi tu niliyesikia yote mawili, na damu ilinichemka. Nilimngoja njiani.

"Baba, bibi amesema lingine."

"Najua alichosema."

"Kwa nini basi?"

Alitembea hatua kadhaa. "Nikimwambia huyu kwamba ahadi za wakubwa hujengwa na mkalimani, Mwalimu, kesho ataahidi mangapi?"

Nilicheka, naye hakucheka. Akaongeza kwa sauti ndogo kwamba usiku hatalala vizuri, kwa kuwa lile lilikuwa neno la bibi na yeye amelila.

Miaka ilipita, nikamwona tena Makambako. Waingereza walikuwa wanajiandaa kuondoka, bomani walishaanza kukaa vijana wetu wasiohitaji mtu wa kona ya meza, na Mkalimani alikuwa amestaafu. Miezi kadhaa alikuwa amekaa kwa ndugu za mkewe Wanging'ombe, na sasa alikuwa anakwenda Iringa kuishi kwa binti yake. Mkewe alikuwa ameshafika huko. Mimi nilikuwa naenda Iringa likizo. Tulikutana penye njia panda tukingojea basi liwashwe, mizigo yetu imeshafungwa juu, na upepo wa Makambako ukivuta kila kitu ambacho hakikushikwa. Mwavuli aliukumbatia, haujafunguliwa.

"Nimepata maana ya kumi na saba," akaniambia kabla sijamaliza kumwamkia. "Mwanamke akizikusanya nywele zake akazibana juu kichwani. Shahidi, muuguzi wa misheni. Miaka yote hiyo zilikuwa mbele ya macho yangu."

Alifurahi sana, nami nilifurahi kumwona amefurahi. Tukaulizana habari za watu. Nilimwambia yule msichana wa hesabu sasa anasomea ualimu. Akaniuliza, "Na daraja?"

"Lipo, Baba. Magogo mawili ya upande wa juu yameoza, lakini watoto wanapita upande mmoja, mmoja mmoja."

Nilisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Nani analitengeneza?"

"Bado hakuna aliyesema atalitengeneza."

Mkalimani alitazama juu ya basi, kisha akatazama upande wa Njombe, ambako mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameshajipanga. Nilimwona akiinua mkono kuelekea kofia yake, nikadhani anaivua. Aliikandamiza kichwani upepo usiichukue.

"Mimi nilisema," akasema. Akamwita utingo. "Kijana, shusha mzigo wangu. Sanduku lile la kamba."

"Baba, mama anakungoja Iringa. Umestaafu. Magogo yale yamekaa miaka, si kosa lako yakioza."

"Mama akisikia nimerudi kwa ajili gani, atauliza tu kama ulezi upo."

Utingo alipanda juu akinung'unika, akaanza kufungua kamba. Mzee alisimama chini ameinua mikono kulipokea sanduku, mikono ile ile iliyochora daraja hewani. Na mimi nilisimama pembeni na tiketi yangu. Nyumba yangu iko mwendo wa robo saa kutoka magogo yale. Niliyaona yakioza tangu mwaka jana, nikawafundisha watoto kupita upande mmoja, nikafunga shule, nikasafiri karibu maili arobaini kuja kumpa mzee habari. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia siku zile nilipopita mbele ya benchi la mlangoni.

Sanduku lilishuka. Utingo akauliza kama kuna mwingine.

"Lile kapu la bluu," nikamwambia. "Ni langu mimi."